Makina: Matembezi katika mtaa uliobeba historia ya Kibera

MAKINA ni mojawapo ya vijiji vikongwe vya Kibera, jijini Nairobi, na ndicho kitovu cha jamii ya Wanubi nchini Kenya. Kipo upande wa kaskazini wa Kibera, karibu na mitaa ya Woodley na Jamhuri, na tangu mwaka 2013 ni wadi katika eneobunge la Kibra. Anayetoka katikati ya jiji hupanda matatu ya nambari 8 kupitia Barabara ya Ngong.

Ziara za kuongozwa katika Kibera zilipata umaarufu katika miaka ya 2000. Filamu ya The Constant Gardener, ambayo sehemu yake ilipigwa huko, ilitolewa mwaka 2005. Barack Obama, wakati huo akiwa seneta, alizuru mwezi Agosti 2006, naye Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa Ban Ki-moon akafuata Januari 2007. Hata hivyo, biashara hiyo ilizua ubishi. Mnamo 2010 Kennedy Odede, aliyelelewa Kibera, aliandika katika gazeti la New York Times akipinga umaskini wa watu kugeuzwa kuwa maonyesho. Hoja yake ingali na uzito, kwani ziara nyingi humwonyesha mgeni mabanda na mitaro bila kumweleza ni kwa nini mabanda hayo yapo. Jibu la swali hilo hupatikana Makina.

Matembezi yanaweza kuanzia Soko la Toi, mashuhuri kwa mitumba. Soko hilo liliteketezwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, kisha wafanyabiashara wakalijenga upya. Kutoka hapo njia hushuka hadi barabara ya Kibera Drive, ziliko Mahakama za Kibera na afisi za utawala, kisha huingia Makina penyewe, penye soko na msikiti.

Msikiti wa Makina ni alama ya asili ya wenyeji. Mababu wa Wanubi walikuwa askari Waislamu kutoka Sudan. Baadhi yao walimtumikia Emin Pasha katika jimbo la Equatoria, wakaachwa karibu na Ziwa Albert, na mwaka 1891 Kapteni Frederick Lugard akawaandika katika utumishi wa Waingereza. Jeshi la King's African Rifles lilipoundwa mwaka 1902, askari wa asili hiyo walikuwa miongoni mwa nguzo zake. Kuanzia takriban mwaka 1904 waliostaafu na familia zao waliruhusiwa kukaa katika msitu ulio nje ya mji. Wao waliuita Kibra, yaani msitu au pori, na jina hilo likageuka kuwa Kibera vinywani mwa wengine.

Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitangaza rasmi ekari 4,197 kuwa hifadhi ya kijeshi. Askari walipewa vibali vya kuishi na kulima, lakini hawakupewa hati za kumiliki. Tofauti hiyo ndiyo iliyowatesa wajukuu wao. Mwaka 1928 usimamizi ulitoka mikononi mwa jeshi, na katika miaka ya 1930 Tume ya Carter ikawaona Wanubi kuwa wapangaji tu wa serikali. Mtu asiye na hati hajengi kwa mawe. Kwa sababu hiyo nyumba za udongo na mabati zilidumu, na vyumba vyake vikakodishwa kwa wafanyakazi waliomiminika Nairobi.

Katika vichochoro vya Makina bado zipo nyumba za Kinubi zenye ua na baraza. Humo husikika Kinubi, lugha ambayo msamiati wake mwingi una asili ya Kiarabu. Wanawake hufuma tabaga, vifuniko vya rangi vya kufunikia vyakula, na arusini huvaa gurbaba na kucheza doluka.

Majina ya vitongoji nayo ni kumbukumbu. Kambi Muru limebeba jina la kabila la baadhi ya askari wa kwanza, nalo Laini Saba, kwa masimulizi ya Wanubi, ni Laini Shabaha, palipokuwa uwanja wa kulengea bunduki. Ukiendelea kusini unafika kwenye reli ya zamani ya Uganda, ambayo vyuma vyake viling'olewa na waandamanaji mwanzoni mwa 2008.

Ardhi haikuwa dai la pekee. Kwa miaka mingi kijana wa Kinubi aliyeomba kitambulisho alitakiwa kuthibitisha asili ya wazee wake mbele ya kamati za uchunguzi. Machi 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kuwa Kenya imekiuka haki za watoto wa Kinubi. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo ikaipata serikali na makosa, ya ardhi yakiwamo.

Anayezuru Makina hana budi kuzingatia adabu. Aandamane na mwenyeji, aombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na asiingie nyumba ya mtu kama aingiaye makavazi. Msikitini mavazi yawe ya stara, viatu vivuliwe, na saa za swala ziheshimiwe, hususan Ijumaa adhuhuri. Muhimu zaidi, amsikilize mzee wa mtaa kabla ya kuuliza kuhusu uchafu.

Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliikabidhi jamii hiyo hatimiliki ya ekari 288, iliyosajiliwa kwa jina la wakfu wa jamii. Zaidi ya karne moja ilikuwa imepita tangu vibali vya kwanza. Sehemu kubwa ya zile ekari 4,197 ilikwisha kumezwa na mitaa mingine ya jiji, na anayetembea kutoka Makina hadi Jamhuri huivuka bila kuona mpaka wowote.