Daftari la Askofu Hannington

Kila tarehe 29 Oktoba makanisa yetu ya Kianglikana humkumbuka Askofu James Hannington, na karibu kila mara tunamkumbuka kwa namna moja: shujaa wa imani, shahidi aliyeuawa Busoga mwaka 1885 akiwa na miaka 38. Picha hiyo tumelelewa nayo. Baadhi yetu tulikuwa watu wazima tulipojua kwamba aliandika daftari la kila siku hadi siku aliyokufa, na kwamba lilinusurika, likachapishwa.

Tulilitafuta kwa sababu ya mama mmoja katika ushirika wetu. Alimzika mwanawe wa pekee, na siku zile za matanga wengi wetu tulimwambia ajikaze, amshukuru Mungu. Alijikaza kweli. Miezi kadhaa baadaye alituonyesha daftari la shule la yule kijana. Nusu ya kwanza ilikuwa na hesabu zake, na nusu iliyobaki mama alikuwa ameijaza mwenyewe, usiku baada ya usiku, akimwandikia Mungu. Baadhi ya maneno yake yalitushtua. Mzee mmoja alinong'ona kwamba Mkristo haongei hivyo. Hatukuwa na jibu, lakini tulikumbuka kwamba yuko askofu aliyeandika yake akiwa kifungoni.

Hannington aliwekwa wakfu nchini Uingereza mwezi Juni 1884 na akawasili Mombasa Januari 1885. Mwezi Julai aliondoka Rabai na wapagazi zaidi ya 200, akiifuata njia fupi ya kupita nchi ya Wamasai badala ya ile ndefu iliyozunguka kusini mwa ziwa. Pamoja naye alikuwa William Jones, Mwafrika aliyekombolewa utumwani akalelewa India, ambaye Askofu alikuwa amempa daraja la ushemasi mwaka ule ule. Walipofika upande wa Mumias, Askofu alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara, akaendelea na watu wapatao 50. Hakujua ukubwa wa hatari iliyokuwa mbele. Baganda waliamini kwamba watakaoiteka nchi yao watatoka mashariki, kupitia Busoga. Habari za Wazungu kujitwalia ardhi ya pwani zilikuwa zimekwisha kufika barazani kwa Kabaka Mwanga, kijana ambaye tangu Januari alikuwa amewaua wavulana watatu Wakristo. Mzungu akija kwa njia ile, nani angeamini kwamba hakuja na bunduki nyuma yake? Tunasema hivi bila kumtetea Mwanga, ila hofu yake haikuwa ya kichaa.

Tarehe 21 Oktoba, katika nchi ya mtawala Luba, Askofu alipanda kilima kidogo ili autazame mto Nile, mwendo wa nusu saa tu kutoka hapo. Aliuona. Papo hapo watu wapatao 20 walimrukia, wakamwangusha, wakamburuta huku nguo zake zikichanika. Katika daftari anasimulia kwamba alidhani wanakwenda kumtupa bondeni, na kwamba akiwa katika hali hiyo aliimba wimbo wa kujiweka mikononi mwa Yesu, kisha akacheka, kwa jinsi mambo yalivyomgeukia.

Usiku ule alijikuta katika kibanda kisicho na dirisha, moto ukifuka moshi ndani, walinzi wamemzunguka, panya na wadudu tele. Kila kiungo kilimuuma na kiu ilimkausha. Haya tunayajua kwa sababu aliyaandika, na hapo ndipo tulipoanza kumwona mtu tusiyemjua. Wake wa mtawala wanakuja makundi kwa makundi kumtazama mfungwa, naye analiandika hilo kwa mzaha, kama mtu anayewaandikia watoto wa ndugu zake barua. (Barua za namna hiyo alizizoea tangu safari yake ya kwanza ya Afrika, zikiwa na vikaragosi alivyochora mwenyewe, na hata kitabu kilitoka kwazo.) Halafu ukurasa wa pili mzaha umekwisha. Anaandika kwamba haoni atastahimili vipi, kwamba hataki kukata tamaa, na kwamba huenda Buganda ikawa nchi aliyokatazwa asiikanyage. Siku nyingine homa inampanda mpaka anapayuka. Walinzi waliolewa hawamwachi alale. Anamsihi Bwana amhurumie na kumfungua, naye anakiri waziwazi kwamba amevunjika.

Mzee wetu aliposomewa hayo alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ni kweli kanisa lilikubali kuyachapisha. Lilikubali, mwaka 1888, alipokuwa amekwisha kuwa shahidi mbele ya watu wote. Wangeweza kuyafuta wakabakiza nyimbo na zaburi.

Katika Isaya 38 tunasoma habari za andiko la mfalme Hezekia, alilolitunga baada ya kupona ugonjwa uliokaribia kumuua. Mfalme analinganisha sauti yake na ya ndege na ya njiwa aombolezaye, anasema Mungu alimvunja mifupa kama simba, na ndani ya maombi yayo hayo anashukuru. Tumezoea kuhubiri ile miaka 15 aliyoongezewa. Andiko lenyewe tunaliruka.

Wataalamu wa siku hizi nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lao. Waliwaomba wanafunzi waandike kwa dakika 15, siku nne mfululizo. Wengine waliandika mambo ya kawaida tu, wengine waliandika tukio lililowaumiza pamoja na walivyojisikia juu yake. Hawa wa pili walitoka kila siku wakiwa na huzuni zaidi kuliko walipoingia. Nafuu ilionekana baadaye, katika miezi iliyofuata, walipokwenda kwa daktari mara chache kuliko wenzao. Yule mama aliposikia hayo alisema ndivyo ilivyokuwa kwake: usiku alioandika hakulala vizuri hata kidogo.

Hannington hakupata miezi iliyofuata. Katika kurasa za mwisho anaitaja Zaburi ya 27 kwamba imemfariji, kisha ya 28, kisha ya 30. Lakini faraja haikuyafuta malalamiko. Vyote vimekaa ukurasa mmoja, mstari huu homa, mstari huu zaburi, na mwandishi hakujisumbua kuvipatanisha. Siku ya nane aliandika kwamba hana habari yoyote, kwamba Zaburi ya 30 imemshika kwa nguvu, na kwamba fisi alilia karibu naye usiku kwa kunusa mgonjwa, naye akatumaini fisi huyo hatampata bado. Zaburi ya 30 ni shukrani ya mtu aliyetolewa shimoni akiwa hai. Siku hiyo hiyo, tarehe 29, alitolewa nje akauawa, na watu wake pamoja naye. Wachache tu waliponyoka.

Daftari lilibaki mikononi mwa wauaji, mpaka Mkristo mmoja kijana huko Buganda akalinunua kwa mmoja wao. Mifupa ya Askofu ilizikwa Namirembe tarehe 31 Desemba 1892.

Wapagazi waliokufa naye hawakuacha daftari. Walikuwa watu wa pwani hii yetu, wengine wana wake na watoto waliokuwa wakiwangoja Rabai na Kisauni, na hatuna mstari hata mmoja unaotueleza walilala vipi usiku wa mwisho. Tunaposoma habari za panya na moshi wa kibanda kile, tunajiuliza wao walifungwa wapi, na nani aliwasomea zaburi.

Jones alipata habari kutoka kwa wale walioponyoka. Alikuwa na njia ndefu ya kuwarudisha waliobaki, wengi wao wagonjwa na wenye njaa, hadi kwa watu ambao ilimpasa kuwaambia. Mwezi Februari 1886 watu wa Rabai waliona msafara ukija kwa mstari mrefu, na mbele yake bendera ya kitambaa cha buluu iliyoshonewa herufi nyeupe. Lilikuwa neno moja, jina ambalo mkwewe Eli alimpa mtoto wake siku sanduku la Mungu lilipotekwa: Ikabodi, utukufu umeondoka. Waliojua kusoma walilisoma kabla msafara haujafika, wakawaambia wenzao.