Safari ya Umeme hadi Mwanza, na Namba Tatu za Kusoma Dukani

Fungueni madaftari. Leo tutasoma habari za umeme: ulikotoka, ulivyofika kwetu, na jinsi ya kulinda vyombo vyetu.

Umeme wa kwanza wa umma katika nchi yetu uliwashwa Dar es Salaam mwaka 1908, wakati wa Wajerumani. Ulitumika katika karakana za reli na katika mitaa ya watawala. Mwaka 1931 kampuni za watu binafsi zikashika kazi hiyo. Baada ya Uhuru ikawa kazi ya taifa. Mwaka 1975 mitambo ya Kidatu, katika mto Ruaha Mkuu, ilianza kutoa umeme wa nguvu za maji. Baadaye nyaya za gridi zikapita Iringa, Dodoma, Singida na Shinyanga hadi Mwanza.

Safari hiyo ni ndefu. Mmeona maji ya bomba: watu wengi wakifungua pamoja, msukumo hupungua. Umeme nao una msukumo, nao huitwa volti. Kipimo chetu ni volti 230. Jioni, watu wengi wanapowasha taa na pasi, volti huweza kushuka. Usiku wa manane huweza kupanda.

Balbu ya zamani ilififia tu, kisha ikawaka tena. Friji haivumilii hivyo. Volti zikipungua mno, mota yake hunguruma bila kuzunguka, hupata moto, huungua. Kompyuta nayo huharibika volti zikizidi.

Mfikirie mama muuza samaki wa Kirumba, aliyenunua friji kwa mkopo wa chama. Friji ikiungua, sato wanaoza, na deni linabaki. Mama huyu anahitaji stabilaiza, chombo kinachosawazisha volti. Lakini asichague kwa rangi. Asome namba tatu.

Ya kwanza ni volti za kuingia. Ikiandikwa 140–260, basi chini ya 140 au juu ya 260 chombo hakiwezi kusawazisha.

Ya pili ni volti za kutoka. 230 kwa asilimia 5 maana yake ni kati ya 218 na 242 hivi. Asilimia ikiwa ndogo, ni bora.

Ya tatu ni VA, yaani mzigo unaobebwa. Friji inapoanza huvuta umeme mara kadhaa kuliko kawaida. Kwa hiyo friji ya wati 150 usiipe stabilaiza ya VA 200. Ipe ya VA 1000. Tena chagua inayosubiri kama dakika 3 umeme unaporudi, ili mota ipumzike kabla ya kuanza.

Jambo la mwisho: stabilaiza si kinga ya radi. Ngurumo zikisikika ziwani, chomoa plagi ukutani.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini volti hushuka jioni?
2. Stabilaiza ya 160–250 itasawazisha volti 150?
3. Nyumbani, soma kibandiko cha chombo kimoja, uandike wati zake.

Kwaherini, hadi somo lijalo.