Ndege Aliyekuwa Rahisi

Msomaji wa mwambao akitajiwa kasuku, aghalabu fikra yake humwendea yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, mwenyeji wa misitu ya Kongo, anayetundikwa barazani ili apige miluzi na kuwaita wapita njia kwa majina. Lakini ng'ambo ya Atlantiki, tangu Mexico hata Ajentina, imo jamii nyingine ya kasuku, wadogo wa kimo na warefu wa mkia, ambao wafugaji wa Ulaya na Marekani huwaita konyua, na ambao leo wameenea katika nyumba za watu wasiopata hata siku moja kuuona msitu walikotoka wazee wa ndege hao. Taarikhi ya kufugwa kwao ni taarikhi ya bei. Maadamu ndege alipatikana sokoni kwa fedha kidogo, hapakuwa na mtu wa kujitaabisha kumzalisha. Na siku alipokuwa ghali ndipo watu walipoishika kwa bidii kazi ambayo ingaliweza kufanywa miaka mia kabla, na ambayo kwa jamaa yao mmoja ilichelewa mno.

Kuwafuga hakukuanza na Wazungu. Wenyeji wa visiwa vya Karibi na wa misitu ya Amazon walikuwa wakiyatwaa makinda mtini na kuyalea majumbani kabla ya Columbus kufika, na yeye mwenyewe aliporejea Uhispania mwaka 1493 alikuwa na kasuku miongoni mwa tunu alizowaonyesha wafalme wake. Tangu hapo kila jahazi lililotoka pande zile lilikuwa na baharia mwenye ndege wa kuuza bandarini, na Linnaeus, mtaalamu wa viumbe, alipotoa kitabu chake cha mwaka 1758 aliweza kuwapa majina ya kitaalamu, katika chapa ile ile moja, ndugu wawili ambao bahati zao zilikuja kuachana vibaya: konyua wa jua, wa nchi za Guyana, na kasuku wa Carolina.

Huyu wa Carolina ndiye ninayetaka kukaa naye, kwa kuwa yeye peke yake katika aila hiyo aliishi mashariki ya Marekani, tangu Ghuba ya Mexico hata kaskazini kwenye theluji, akiruka kwa makundi makubwa, mwili kijani, kichwa manjano na paji la uso la rangi ya chungwa. Habari zake bora tunazipata kwa Alexander Wilson, mfumaji wa Paisley huko Scotland aliyehamia Marekani akageuka mtaalamu wa ndege, ambaye mwanzoni mwa mwaka 1810 alishuka mto Ohio peke yake katika mashua ndogo. Mahali paitwapo Big Bone Lick aliwapiga risasi kasuku kadhaa, na mmoja akapata jeraha dogo tu la bawa. Huyo akamweka tezi, akamlisha zile mbegu za miiba zinazonasa katika manyoya ya kondoo, na alipoiacha mashua na kupanda farasi kuelekea kusini, akamfunga katika leso ya hariri na kumtia mfukoni. Kila jioni alimtoa ale, na kila asubuhi palikuwa na vita vya kumrudisha mfukoni, vidole vikaumwa. Katika nchi ya Wachickasaw na Wachoctaw, wanaume, wanawake na watoto walimzunguka mgeni huyo wakicheka.

Karibu na Natchez alimpatia tundu, akalitundika barazani, na ndege akawa akiwaita wenziwe wanaopita angani hata wakashuka kwenye miti ya jirani kuzungumza naye. Wilson akamwongezea mwenzi, naye akamlaki kwa furaha isiyo kifani, akimchambua manyoya ya kichwa na shingo. Mwenzi akafa, na aliyebaki akakosa raha siku kadhaa, mpaka bwana wake alipomwekea kioo kando ya mahali anapokaa. Tangu hapo alikuwa akilala kichwa amekiegemeza kwenye ile sura ya kiooni. Walipokwisha kuondoka New Orleans kwa bahari, alfajiri moja Wilson akiwa usingizini, ndege akapenya tunduni, akaruka nje ya chombo, akazama katika Ghuba ya Mexico.

Nimeirefusha hadithi hii kwa sababu ndani yake imo tabia yote iliyomfaa ndege huyu kwa kufugwa, na ndiyo hiyo hiyo iliyomwangamiza: hakuweza kumwacha mwenzake. Wakulima waliona makundi yakishuka kwenye mashamba ya matufaha na kuyararua matunda mabichi, wakatoa bunduki. Na mmoja alipoanguka, waliosalia hawakukimbia, bali walizunguka na kurudi juu ya aliyeanguka wakipiga kelele, hata mwenye bunduki akaweza kulimaliza kundi zima pasipo kuondoka aliposimama. Misitu ya mabondeni ikakatwa, mabibi wakataka manyoya kwa kofia zao, na wategaji wakawapeleka wengi sokoni. Audubon, mchoraji wa ndege, alipoandika mwaka 1831, alikwisha kusema kwamba wanapungua upesi.

Na je, hawakuzaa tunduni? Walizaa. Wafugaji wa Ujerumani, waliokuwa na ghera kubwa ya ndege wa kigeni na gazeti lao wenyewe tangu mwaka 1872, lililoanzishwa na Karl Russ, walipata makinda ya kasuku wa Carolina. Lakini ndege huyu alikuwa na sifa mbaya ya kelele na ya kutafuna mbao, tena alikuwa rahisi. Bustani ya wanyama ya Cincinnati iliwanunua wake katika miaka ya 1880 kwa dola 2.50 kila mmoja. Mfugaji aliyepata makinda aliyauza akaendelea na aina nyingine, wala hakuna aliyejiona ana wajibu wa kuweka mbegu. Mwituni wakazidi kuadimika: mwezi wa Aprili 1904 mtaalamu wa ndege Frank Chapman aliona 13 karibu na ziwa Okeechobee, Florida. Huko Cincinnati wakabaki wawili walioishi pamoja takriban miaka 32: Lady Jane akafa mwaka 1917, na dume lake Incas akamfuata tarehe 21 Februari 1918, watunzaji wakisema ni kwa huzuni. Mwaka 2020 wataalamu waliosoma urithi wa damu ya kasuku wa Carolina kutoka kwa ndege mkavu aliyehifadhiwa Uhispania hawakuona dalili ya jamii iliyodhoofika polepole kwa kuzaana ndugu kwa ndugu; alitoweka ghafula, na mkono wa mwanadamu ndio unaotuhumiwa.

Mtu angetazamia kwamba msiba huo ungewafunza wafugaji. Haukuwafunza, kwa kuwa Amerika ya Kusini ilikuwa imejaa konyua, na meli ziliendelea kuwaleta. Kilichowashtua watu kwanza ni maradhi. Mwishoni mwa mwaka 1929 kasuku kutoka Ajentina walieneza homa ya mapafu iliyoua watu Ulaya na Marekani, na tarehe 24 Januari 1930 Rais Hoover wa Marekani akapiga marufuku kuwaingiza nchini. Magazeti yaliyokuwa yakiwacheka wagonjwa kwa kufa kwa kasuku yakanyamaza pale msaidizi wa maabara ya serikali mjini Washington alipokufa kwa ugonjwa ule ule aliokuwa akiuchunguza. Marufuku ikaja ikalegezwa, na mwaka 1971 ndege wa kigeni wakaleta California kideri, maradhi ambayo mfuga kuku wa kwetu hahitaji kuelezwa, hata ndege karibu milioni 12 wakateketezwa. Ndipo ikaja karantini, kisha mapatano ya kimataifa ya biashara ya viumbe vya porini, na mwaka 1992 sheria ya Marekani iliyofunga mlango kwa kasuku wengi wa mwituni. Ulaya ikaufunga wake kabisa mwaka 2007. Tanzania nayo iliguswa na masoko hayo, maana cherero wetu, kasuku wadogo wenye uso mwekundu, wa nyika za Serengeti, walisafirishwa kwa wingi mno katika miaka ya 1980.

Kufungwa kwa mlango kulifanya kile ambacho huruma haikukifanya. Ilibidi kwanza kujua dume ni yupi, kwa kuwa konyua jike na dume wamefanana kama sarafu mbili, na mfugaji wa zamani aliweza kuwaweka pamoja madume wawili wenye mahaba makubwa, akingoja mayai miaka na miaka. Tabibu wa wanyama akaanza kuwachungulia ndani kwa tundu dogo la ubavuni, na baadaye unyoya mmoja ukatosha kupelekwa maabara. Konyua mwenye mashavu ya kijani, wa Bolivia na majirani zake, hutaga mayai manne hata sita katika sanduku lenye vumbi la mbao, na jike huyaatamia kiasi cha siku 24. Makinda hutolewa yangali vipofu au yameanza tu kufumbua macho, yakalishwa uji wa vuguvugu kwa bomba la sindano, kazi ya usiku na mchana. Uji ukiwa wa moto mno huunguza mfuko wa shingoni, ukiwa baridi hukaa humo ukachacha. Leo wako wa rangi ya mdalasini, wa samawati, wa manjano ubavuni, rangi ambazo mwituni zingalimwita mwewe, na kwa maoni yangu wanunuzi wanazithamini kuliko zinavyostahili.

Konyua wa jua, yule wa manjano na chungwa, ambaye kwa damu ni mmoja wa jamaa wa karibu kabisa wa marehemu wa Carolina, huzalishwa vifungoni kwa maelfu, ilhali kwao Guyana na kaskazini mwa Brazili wategaji walikwisha kumfagia hata akaandikwa katika orodha ya walio hatarini. Wengi wa waliosalia Guyana wako pande za kijiji cha Karasabai, na Wamakushi wa huko, ambao zamani kijiji chao kilikuwa kituo cha wanunuzi wa ndege, sasa hutoza wageni ada ya kupelekwa alfajiri bondeni kuwatazama.