Mikono Mitatu ya Harry Ferguson

Mwaka 1917 Uingereza ilikuwa vitani, na nyambizi za Kijerumani zilikuwa zikizamisha meli za chakula. Serikali ikataka hata malisho yageuzwe mashamba, tena haraka. Huko Ireland, kazi ya kuzunguka mashambani ili matrekta yatumiwe vizuri zaidi alipewa Harry Ferguson, mfanyabiashara wa magari wa Belfast, pamoja na fundi wake Willie Sands. Ferguson alikuwa mtu wa mashine hasa. Tarehe 31 Desemba 1909 alipaa na ndege iliyoundwa katika karakana yake, akawa mtu wa kwanza kurusha ndege Ireland.

Walichokikuta mashambani kilitisha. Matrekta ya wakati ule yalikokota plau kwa mnyororo au kiungio kimoja, kama ilivyokuwa enzi za farasi. Farasi akihisi plau imekwama kwenye jiwe, husimama. Trekta halina hisia hizo: magurudumu ya nyuma yakikataa kwenda, injini huendelea kuzungusha, na nguvu ikikosa njia huinua pua ya trekta. Fordson, trekta jepesi ambalo Henry Ford alianza kulitoa kiwandani mwaka huohuo, lilijulikana kwa balaa hilo. Lilipinduka kinyumenyume na kumlalia dereva, na watu walipoteza maisha wakiwa kazini.

Ferguson aliona kwamba kosa lilikuwa kati ya trekta na plau. Akataka viwili hivyo viwe chombo kimoja. Baada ya majaribio ya miaka mingi, mfumo wake ukawa na mikono miwili chini, inayovuta, na mmoja juu. Ardhi inapoizuia plau, mkono wa juu husukumwa mbele na kusaidia kuyakandamiza magurudumu ya mbele yasiinuke. Msukumo huohuo huifikia valvu ya haidroliki, ambayo hupandisha au kushusha plau yenyewe. Plau ikigonga mwamba, magurudumu ya nyuma hupunguziwa uzito na kuzunguka bure, na dereva hubaki salama. Hati ya uvumbuzi wa haidroliki hiyo ilitolewa mwaka 1926.

Biashara ilikuja taratibu. Mwaka 1936 kampuni ya David Brown ilianza kumtengenezea matrekta huko Huddersfield. Oktoba 1938 alimwonyesha Ford trekta lake mjini Dearborn, Marekani, wakakubaliana kwa kupeana mkono tu, na mwaka uliofuata Ford 9N likatoka. Ford alipostaafu, mjukuu wake alijitoa katika makubaliano hayo. Kesi iliyofuata iliisha mwaka 1952 kwa Ferguson kulipwa dola milioni 9.25. Wakati huo trekta lake dogo la kijivu, TE20, lilikuwa likitengenezwa Coventry. Hadi mwaka 1956 zaidi ya 500,000 yalikuwa yametoka. Mwaka 1953 aliungana na Massey-Harris, na kutokana na muungano huo baadaye likaja jina Massey Ferguson, ambalo madereva wa Tanzania na Kenya wanalijua vizuri.

Historia hii ina uzito kwa kila anayefunga bleidi ya nyuma ili kusawazisha barabara ya shamba, kwa sababu mikono ile ilibuniwa kwa ajili ya kuvuta. Dereva akirudi rivasi huku anasukuma lundo la udongo, mambo hugeuka: mikono ya chini, mirefu na myembamba, inabanwa kwa urefu wake, na ule wa juu unavutwa. Hivyo ndivyo mikono inavyopinda. Hatari nyingine ni bleidi iliyogeuzwa mshazari. Ncha yake ikikamatwa na kisiki, nguvu yote huenda upande mmoja na kuisokota mikono pamoja na vishikizo vyake. Kwa hiyo bleidi huinuliwa kabla ya kurudi nyuma, minyororo ya kuzuia kuyumba hukazwa, na udongo mgumu hukatwa kidogokidogo kwa mwendo wa pole. Rivasi ibaki kwa udongo uliokwisha kulegea.

Haidroliki nayo ina la kuangaliwa. Matrekta mengi yana wenzo mmoja unaofuata ukinzani wa ardhi, ule wa plau, na mwingine unaoshikilia kimo. Bleidi inataka huu wa pili. Ikiachiwa ule wa kwanza itapanda na kushuka, na barabara itakuwa mawimbi.

Kisha kuna pini. Kwa matrekta madogo, pini za mikono ya chini zina kipenyo cha milimita 22 na ya juu 19. Kwa makubwa kidogo ni 28 na 25. Pini ya milimita 22 ikiwekwa bila bushi kwenye tundu la 28, hucheza. Kila mshtuko wa bleidi unakuwa pigo la nyundo, tundu linakuwa yai, na hata plau ikifungwa msimu unaofuata haitakaa sawa.