Gauni la Paris kwa Bei ya Gunia

Nyumba ya mitindo ya Lanvin, mojawapo ya zile kongwe kabisa mjini Paris, ilifika kwenye magauni kwa kupitia mtoto. Jeanne Lanvin, mzaliwa wa 1867, alikuwa fundi wa kofia. Mwaka 1897 alijifungua binti, Marguerite, na kwa kuwa mikono yake ilikwisha kuzoea sindano, akaanza kumshonea nguo za vitambaa laini, zenye darizi na rangi ambazo watoto wenzake hawakuwa nazo. Wanawake waliokuja kununua kofia wakamwona yule mtoto, wakataka wa kwao wavae vivyo hivyo. Mwaka 1908 Lanvin akafungua idara ya nguo za watoto, na mwaka uliofuata akaongeza ya wasichana na wanawake. Nembo ya kampuni hiyo, iliyochorwa na Paul Iribe, inawaonyesha mama na binti walioshikana mikono. Ilitokana na picha ambayo wawili hao walipigwa mwaka 1907 wakiwa wamevalia kwa ajili ya dansi.

Hilo lafaa kukumbukwa kila yanapozuka mazungumzo ya mama anayeshona nyumbani gauni la mtoto lililoigwa kutoka duka la kifahari. Kuiga huko husimuliwa kana kwamba ni ujanja wa mnyonge. Ukiifuata historia yake, hasa Ulaya na Marekani ambako kuliundiwa viwanda na magazeti, unakuta nguo ya mtoto imetoka nyumbani zaidi ya mara moja, ikapanda hadi dukani, kisha ikarudi nyumbani kwa bei ambayo familia iliimudu.

Mfano wa mapema uko London. Mchoraji Kate Greenaway alizaliwa huko mwaka 1846, na mama yake alikuwa na duka mtaa wa Islington lililouza lesi na nguo za watoto. Kitabu chake cha Under the Window, kilichopigwa chapa na Edmund Evans mwaka 1879, kilikuwa na nakala 20,000 katika toleo la kwanza, na zote zilikwisha upesi. Watoto wa kwenye michoro hiyo hawakuvaa kama watoto wa mwaka 1879. Walivalishwa mtindo wa mwanzoni mwa karne, yaani kiuno kimepandishwa hadi chini ya kifua, sketi inateremka huru hadi kwenye vifundo vya miguu, na kichwani kuna kofia ya kufunga kidevuni. Greenaway alikuwa akizishona nguo hizo mwenyewe na kuwavisha watoto waliomkalia ili awachore.

Wasomaji waliangalia picha wakaona kitu kinachoshoneka. Gauni la Greenaway halikuwa na kiuno cha kubana wala mifupa ya kukazia, na vipande vyake havikuhitaji fundi bingwa. Lilikuwa na kifua kifupi, mikono iliyofura kidogo na sketi ya marinda iliyounganishwa chini yake. Mtoto aliweza kukimbia nalo, na alipoongezeka urefu upindo ulifumuliwa ukashushwa. Duka la Liberty la London likauza nguo za mtindo huo kwa wenye nafasi. Mama asiyeweza kufika Liberty alikuwa na kitabu chake, nacho kilimtosha.

Sivyo ilivyokuwa kwa vazi lililotoka katika Little Lord Fauntleroy, kitabu cha Frances Hodgson Burnett cha mwaka 1886. Burnett alikuwa akiwashonea wanawe wawili suti za mahameli zenye kola ya lesi, na akamvisha shujaa wake vazi hilo hilo. Michoro ya Reginald Birch ikalipeleka kote Marekani na Uingereza, na wavulana wengi wakajikuta wamebanwa ndani ya mahameli bila kuulizwa. Lakini mahameli ni kitambaa kigumu kwa mshonaji wa nyumbani. Manyoya yake lazima yaelekee upande mmoja katika kila kipande, la sivyo suti inaonekana ya rangi mbili, na kukata kwa namna hiyo kunapoteza kitambaa kingi. Vazi lililozaliwa nyumbani kwa mwandishi likawa ghali mno kwa nyumba nyingine nyingi.

Hata kwa gauni rahisi, kuona ni jambo moja na kukata ni jingine. Kwa miaka mingi magazeti ya wanawake yalichapisha michoro midogo ya vipande vya nguo ambayo msomaji alipaswa kuikuza mwenyewe, tena kwa kipimo kimoja tu. Kwa mtoto, kipimo kimoja hakifai kitu. Mwenye miaka 3 ana tumbo, hana kiuno. Mwenye miaka 8 mikono imerefuka, kifua bado chembamba. Kupunguza gauni la mtu mzima pande zote kwa kiasi kilekile hakumtoshi yeyote kati yao.

Aliyeigeuza shida hiyo kuwa biashara ni Ebenezer Butterick, fundi nguo wa mji wa Sterling, jimbo la Massachusetts. Kampuni yake imekuwa ikisimulia kwamba wazo lilitoka kwa mkewe, Ellen, aliyekuwa ametandaza kitambaa cha miraba mezani ili amkatie mwanawe nguo, akalalamika kwamba mambo yangekuwa mepesi kama pangekuwa na karatasi ya kukatia yenye saizi ya mtoto kamili. Mwaka 1863 Butterick akaanza kuuza pateni za karatasi zilizopangwa kwa saizi. Za mwanzo zilikuwa za wanaume na wavulana, na familia nzima ilikuwa ikizikata na kuzikunja nyumbani. Mwaka uliofuata shughuli ikahamia New York, na mwaka 1866 zikafuata pateni za wanawake.

Pateni hizo zilikuwa za karatasi nyembamba, na hazikuwa na maandishi. Vitundu na pengo dogo pembeni ndivyo vilivyomwonyesha mshonaji wapi pakunjwe na kipi kiungane na kipi. Mtu asiyejua kushona hata kidogo angepotea humo. Lakini aliyekuwa na mazoea ya sindano, na cherehani ndani ya nyumba, aliweza kufuata mtindo wa mji asioujua. Na cherehani zilikuwa zinaingia majumbani kwa kasi. Isaac Singer alipata hataza ya mashine yake mwaka 1851, na kufikia 1856 kampuni yake ilikuwa ikiuza kwa malipo ya kidogo kidogo, mpango uliomwezesha mkulima kuwa na mashine ambayo bei yake kamili asingeitoa kwa mara moja.

Sheria nayo ilisaidia. Wabunifu wa Ufaransa walikuwa na silaha dhidi ya waigaji, na Madeleine Vionnet, mmoja wa mabingwa wao, alifikia hatua ya kuweka alama ya kidole gumba chake kwenye lebo za magauni. Marekani mambo yalikuwa mengine. Hakimiliki ya huko hulinda mchoro uliopo juu ya kitambaa, lakini haiugusi mkato wa gauni lenyewe. Kola iliyokatwa hivi, kiuno kilichopandishwa hapa, marinda yaliyolala vile, vyote hivyo viko wazi kwa kila mwenye mkasi. Biashara ya pateni ikapata uwanja mpana, na ushindani ukashusha bei. Mwaka 1927 kampuni ya Simplicity iliingia sokoni na pateni za senti 15.

Kilichobaki ni kitambaa, na hapa ndipo historia hii inapokuwa tamu. Katika karne ya 19, unga, sukari na chakula cha mifugo vilitoka kwenye mapipa ya mbao vikaingia kwenye mifuko ya pamba, maana cherehani ziliweza sasa kushona mshono usiopasuka kwa uzito. Pamba yenyewe ilikuwa nzito, isiyopaushwa, ndugu wa kile kitambaa kiitwacho marekani ambacho meli za Salem, Massachusetts, zilikuwa zikikishusha Unguja katika miaka ya 1830. Wake wa wakulima hawakuitupa mifuko hiyo. Waliivuta nyuzi zake, ambazo ukiupata ule wa haki mshono wote hufumuka kwa mvuto mmoja, wakauhifadhi uzi kwa kufumia, kisha wakailoweka mifuko usiku kucha na kuisugua kwa sabuni kali hadi jina la kampuni lififie. Mara nyingine halikufifia, na mtoto akatembea na nembo ya unga kwenye chupi.

Wenye viwanda wakaelewa nani hasa anayeamua unga upi ununuliwe. Mwaka 1925 kiwanda cha kusaga cha George P. Plant, mjini St. Louis, kikaanza kuuza unga wa Gingham Girl ndani ya mifuko ya kitambaa cha miraba kilichokwisha kutiwa rangi. Wengine wakafuata mkondo. Katika miaka ya 1930, mdororo wa uchumi ulipoikausha mifuko ya fedha, mifuko ya unga ilikuwa na maua, ndege, farasi na vitone, na lebo zake zilikuwa za wino unaotoka kwa maji au karatasi ya kubandua. Kampuni za mifuko zikaajiri wachoraji wa vitambaa. Jumuiya za wenye viwanda zikatoa vijitabu vya kufundisha namna ya kuishona.

Mfuko wa ratili 100 ulitoa zaidi kidogo ya yadi moja ya kitambaa. Gauni la mama lilihitaji mitatu, tena ya chapa moja, kwa hiyo mume aliyetumwa kununua chakula cha kuku alitoka nyumbani na kipande cha sampuli mfukoni na kuwaomba vijana wa ghala wampindulie marundo mpaka apate kinacholingana. Lakini gauni la mtoto mdogo lilitoka kwenye mfuko mmoja. Ndiyo maana binti wa mkulima aliweza kuwa na gauni jipya mama yake akiwa bado anavaa la zamani.

Na mitindo ya kuigwa haikukosekana. Mwaka 1934 filamu ya Stand Up and Cheer! ilimfanya Shirley Temple, mzaliwa wa 1928, kuwa nyota, akiwa amevaa gauni fupi la vitone. Kampuni ya Rosenau Brothers ya Philadelphia ikatengeneza magauni yenye jina lake, na kampuni ya Ideal ikatoa mwanasesere wake mwaka huohuo. Gauni lenyewe lilikuwa na umbo ambalo mama yeyote mwenye cherehani angelisoma kwa macho: kola ndogo, mikono mifupi iliyofura, sketi fupi sana inayoanzia juu. Ufupi ule, uliokusudiwa kumfanya mtoto aonekane mdogo zaidi, ulikuwa pia uwekevu wa kitambaa. Sidhani kama kuna mtindo wa kifahari uliowahi kumfaa maskini kuliko huo.

Vita vilipokuja, Uingereza ilianza mgao wa nguo tarehe 1 Juni 1941, kuponi 66 kwa mtu mzima kwa mwaka. Mwaka 1943 serikali ikatoa kijitabu cha Make Do and Mend kilichofundisha kugeuza, kutia viraka na kukata upya. Koti la baba likawa la mtoto. Mgao ulidumu hadi Machi 1949.

Mwaka huohuo wa 1949 kampuni ya pateni ya Vogue ilipata ruhusa ya kutoa pateni za mavazi halisi ya wabunifu wa Paris, miongoni mwao Pierre Balmain, Jacques Fath na Elsa Schiaparelli. Pateni ilikuja na lebo ya kushona ndani ya nguo, ili aliyeshona mezani kwake awe na jina la Paris shingoni. Sasa kuiga kulikuwa na kibali. Mwaka uliofuata, nchini Ujerumani, Aenne Burda alianzisha jarida ambalo baadaye lilibeba pateni nyingi kwenye karatasi moja kubwa, mistari ikipishana hadi macho yachoke, na mshonaji anakopi ule wa saizi yake.

Miaka ya 1960 ilikuwa neema kwa washonea watoto, maana Paris yenyewe ilianza kukata nguo kama za watoto. Gauni la Mondrian la Yves Saint Laurent, la mwaka 1965, linashuka moja kwa moja kutoka mabegani, halina kiuno. Kwa Saint Laurent, ile miraba iliunganishwa kipande kwa kipande kwa ustadi ambao macho hayauoni. Kwa mama wa nyumbani, utepe mweusi ulioshonwa juu ya kitambaa cheupe, na kiraka chekundu pembeni, vilileta sura ileile jioni moja. Mwaka 1967 nyumba ya Dior ilifungua duka la Baby Dior mjini Paris, na Princess Grace wa Monaco ndiye aliyelizindua.

Tangu hapo hesabu imegeuka. Nguo za viwandani zimeshuka bei hadi Marekani kitambaa cha gauni la mtoto kinaweza kugharimu zaidi kuliko gauni lililokwisha kushonwa. Mwaka 2017 Butterick, McCall's, Simplicity na Vogue zote ziliangukia kwa mmiliki mmoja, na mwaka 2025 maduka ya vitambaa ya Joann, yaliyotapakaa nchi nzima, yalifungwa. Anayeshona huko leo hashoni kwa sababu ya nafuu tu, isipokuwa pale anapoiga kitu cha ghali kweli. Kwa gauni la mbunifu maarufu, hesabu ya zamani bado inasimama.

Afrika Mashariki kazi hii ilishika njia nyingine, kwa sababu aliye kati ya picha na gauni ni fundi cherehani. Wengi wao hawatumii pateni kabisa. Wanatumia futi, chaki na jicho. Kabla ya Idd au Krismasi mama hufika na picha kwenye simu, gauni la binti wa mtu mashuhuri au la dukani Dubai, na kitambaa ambacho mara nyingi ni masazo ya kitenge chake mwenyewe. Fundi huivuta picha kwa vidole viwili aone kola imekaaje, kisha anampima mtoto kifua, bega na urefu. Asiyoyakopi ni muhimu sawa na anayoyakopi. Zipu ya kubana mgongoni anaibadilisha iwe lastiki, anapanua shingo ili kichwa kipite, na chini anakunja upindo wa kina cha vidole vinne, ili Idd ijayo uweze kufumuliwa.