Daraja

Asiyefuata soka akisikia kuwa timu "imepanda daraja" atafikiria mto. Neno hili la asili ya Kiarabu lina maana mbili kwetu: kivuko cha kupita juu ya maji na ngazi ya cheo. Mashabiki wameshika ya pili.

Namungo FC ya Ruangwa, Tanzania, ni mfano mzuri. Mwaka 2019 ilitoka Ligi Daraja la Kwanza, ambayo licha ya jina lake ilikuwa chini ya Ligi Kuu. Msimu wake wa kwanza huko juu, 2019/20, ilimaliza ya nne nyuma ya Simba, Yanga na Azam, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho mjini Sumbawanga na kufungwa na Simba 2-1. Msimu uliofuata ikacheza hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mashabiki wa wilaya jirani ya Nachingwea waliovuka kwenda Uwanja wa Majaliwa wa Ruangwa walikuwa na cha kusimulia.

Marekani msemo huo wa kupanda daraja haufai. Katika MLS, ligi kuu ya huko, klabu haipandi wala haishuki. Mwekezaji hulipia nafasi, na anayeshika mkia mwakani yumo tena. Anayepanda ni mchezaji: Bernard Kamungo, mzaliwa wa Kasulu, alitoka North Texas SC, timu ya pili ya FC Dallas, hadi kikosi cha kwanza.

Tangu 2021 Daraja la Kwanza letu linaitwa Championship. Waandishi wa michezo, jina limebadilika; kitenzi "kupanda daraja" msikiache.