Kioo cha Shawa: Silikoni Inapakwa Nje, Sio Ndani

Umepata keja pande za Feri, mwenye nyumba amekubali uweke kioo cha shawa, na fundi ashatoa bunduki ya silikoni. Kabla aanze kupaka kila kona, mshow hivi: kioo chenye fremu huzibwa upande wa nje pekee. Ndani aache.

Inaskika kama kinyume, lakini cheki. Maji yataingia kwenye fremu tu, hata ukaze vipi. Fremu ya chini imeundwa iyarudishe kwa trei. Ukiziba ndani, yanakosa njia ya kurudi, yanalala humo mpaka yapate upenyo wa kutokea nje. Siku moja jirani wa chini anakugongea mlango, dari yake imechora ramani.

Old Town hiyo ni noma mara mbili. Nyumba za kitambo kule ni mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko. Chokaa hunywa maji, na boriti inayolowa kila asubuhi huoza. Nyumba imesimama kabla babu yako azaliwe, wewe uimalize na shawa!

Silikoni pia si zote sawa. Ile inanuka siki iko poa kwa kioo na taili, lakini asidi yake haielewani na mawe ya chokaa, simiti tupu wala chuma. Hapo itisha isiyo na asidi, tyubu huandikwa neutral. Na iwe ya bafuni, yenye dawa ya kuzuia ukungu.

Silikoni ya zamani kwangua yote, juu mpya haishiki juu ya nzee. Pangusa na spiriti, acha pakauke kabisa. Hewa ya Mombasa yenye unyevu isikutishe, silikoni hukomaa kwa kunyonya unyevu huo huo. Shida ni ukuta uliolowa. Piga mstari mmoja bila kukatiza, fremu inapokutana na ukuta, kisha chini, zote kwa nje. Kioo kisicho na fremu kina sheria zake, soma karatasi iliyokuja nacho.

Halafu kaa saa 24 bila kuoga hapo. Fundi akikwambia masaa mawili yanatosha, ana haraka ya kuvuka Likoni. Kesho yake fungulia shawa ielekee kwenye kioo dakika tano, kisha pitisha tishu kavu nje, chini ya fremu. Ikilowa, hujamlipa bado, sindio?